Deki Niliyoichagua kwa Wivu

Kuna mwanamke mmoja ambaye nimemwonea wivu tangu tukiwa wasichana. Hanizidi uzuri wa sura, shamba lake si kubwa kuliko langu, na watoto wake wamesoma kama wangu tu. Wivu wangu wote uko kwenye koo lake. Akifungua kinywa kuimba, watu wanaacha walichokuwa wanafanya. Mimi nikifungua kinywa, watu wanaendelea.

Tulikulia kijiji kimoja, Kinampanda, tukaolewa humo humo, na tumeimba kwaya moja ya usharika kwa zaidi ya miaka ishirini. Yeye alikuwa mwanzishaji: ndiye anayetangulia peke yake, kisha sisi wengine tunampokea. Mimi niko sauti ya pili, mstari wa nyuma. Amenizidi miaka miwili, kwa hiyo namwita dada na yeye ananiita mdogo wangu. Hata hilo lilikuwa linaniuma, maana analitamka kwa upendo wa kweli, na ni vigumu kumchukia mtu wa namna hiyo.

Miaka kadhaa iliyopita kwaya yetu ilirekodi CD. Tulikodi gari mpaka Singida mjini, tukaingizwa kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, kuta zimewambwa magodoro. Dada akawekewa kipaza sauti chake mwenyewe. Sisi wa sauti ya pili, akina mama watano, tukapewa kimoja tuchangie. Tulipoimba mara ya kwanza fundi mitambo akatusimamisha, akavua hedifoni zake, akasema, "Mama mwenye kitenge cha njano, rudi nyuma hatua mbili."

Nikageuka kumtafuta mwenye kitenge cha njano. Nilikuwa mimi.

Nilirudi nyuma hadi mgongo ukagusa godoro, na nyimbo zote nane niliziimbia hapo. CD ilipotoka, kwenye jalada nimeonekana bega na sikio moja. Nikasema si kitu, sauti ndiyo muhimu. Tukaiweka kwenye deki yetu ya nyumbani, mimi na mume wangu tukakaa kitako kusikiliza, na sauti yangu haikuwemo. Nilisikiliza mara mbili, mara tatu. Palikuwa na dada, palikuwa na kinanda, halafu nyuma yao palikuwa na kitu kama upepo kwenye bati. Katika upepo huo ndimo nilimokuwa.

Mume wangu ni bwana shamba mstaafu. Ni mtu mpole, hanywi, hana makuu, na starehe yake kubwa ni Jumapili mchana. Akishakula anavuta kiti karibu na deki, anachagua CD moja kati ya zile alizozikusanya tangu akiwa kazini Manyoni, anasikiliza hadi jua lipungue. Ilipopatikana CD ya kwaya yetu ikawa haikosi. Wimbo wa tatu ndio alioupenda kuliko yote. Dada anauanza peke yake, beti nzima, bila kinanda. Mume wangu alikuwa akifumba macho kabisa. Beti ikiisha, sisi tunapoingia kwenye kiitikio, ananyanyuka kwenda kuchukua maji ya kunywa.

Siku moja, macho bado yamefumba, alisema, "Huyu mama, Mungu alipompa sauti hakupima."

Nilikuwa nachambua mboga mlangoni. Niliichambua mboga ile hadi ikabaki vijiti.

Nataka nieleweke. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna jambo baina yao. Wakikutana njiani wanasalimiana kama watu wengine, anamuuliza habari za mahindi. Wivu wangu haukuwa wa kumchungulia mume. Ulikuwa ni kwamba mwanamke mwingine anaingia sebuleni kwangu kila Jumapili, anakaa kwenye masikio ya mume wangu, na mimi niliyeimba naye wimbo huo huo nahesabiwa kuwa ni wakati wa kwenda kunywa maji.

Deki yetu ilikuwa imechoka. CD ikifika katikati ilikuwa inaganda, dada anabaki "A-a-a-a" kama mtu aliyekabwa, na mume wangu anaipiga ubavuni kwa kiganja. Binti yetu wa mjini alikuja likizo akatushauri tuhamishie nyimbo zote kwenye flashi, akatuhamishia, lakini mume wangu alisikiliza mara moja tu akasema zimekuwa kama zinaimbwa ndani ya ndoo. Alitaka CD zake. Basi mwaka ule alizeti yangu ilipouzwa vizuri, nilimwambia, "Baba, twende mjini tukachague deki nyingine. Nzuri."

Akanitazama kwa mshangao. "Wewe? Nilidhani muziki wangu unakuchosha."

"Nataka tusikie vizuri," nikamjibu.

Hapo sikudanganya. Nilitaka tusikie vizuri, kwa sababu nilikuwa nimeamini kwamba sauti yangu imo ndani ya ile CD, imefukiwa tu, na kwamba kukipatikana chombo kizuri itatoka. Nilitaka Jumapili moja mume wangu afike kwenye kiitikio asinyanyuke.

Tuliondoka na gari la asubuhi, CD nimeifunga kwenye kanga ndani ya mkoba. Mjini tuliingia kwanza kwenye duka kubwa la vyombo vya umeme. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu, akatuamkia shikamoo mmoja mmoja, kisha akatuonyesha deki nyembamba inayouzwa pamoja na sabufa yenye taa zinazobadilika rangi. Nikampa CD yangu. Akaiweka, akapandisha sauti, na kinanda kikanipiga kifuani kama mtu anatwanga.

"Mama, hii mziki wake jirani hahitaji kuwasha wa kwake," akasema.

Nikamwomba apeleke wimbo wa tatu. Dada alisikika, lakini kama yuko upande wa pili wa ukuta. Kiitikio kilipofika besi ikatumeza sote, mwanzishaji na waitikiaji. Nikamshukuru yule kijana, nikamwambia tutazunguka kwanza.

Mume wangu alikuwa na jambo la mafao yake la kufuatilia ofisini, na alijua foleni itakuwa ndefu. Akaniambia, "Wewe endelea kuangalia. Masikio yako nayaamini." Akaenda zake. Maneno yale nimeyakumbuka mara nyingi baadaye.

Nikauliza uliza hadi nikaelekezwa kwa fundi mmoja upande wa nyuma wa soko, anayetengeneza redio na kuuza vyombo vilivyotumika. Alikuwa mzee wa makamo, mnene, mwenye kibandiko kwenye kidole gumba. Nilipomsalimia hakujibu. Nikarudia kwa nguvu, naye akageuka akaniambia, "Zungukia upande huu, mama. Sikio la kushoto lilishakufa." Nilicheka moyoni: nimekuja kuchaguliwa muziki na mtu wa sikio moja.

Akaniuliza nataka deki ya kufanyia nini. Nikamwambia kusikilizia nyimbo, nyumbani, tuko watu wawili.

"Nyimbo zipi? Umekuja nazo?"

Nilipotoa CD alifurahi. "Vizuri. Watu wengi wananunua kwa macho. Wanaona taa, wanaona kubwa, wanabeba. Deki inunuliwe na CD unayoijua." Akaniambia kwamba sabufa si mbaya kwa sherehe, ila inapenda besi, na besi ikizidi inafunika sauti za watu. Akaniambia pia kwamba lenzi inayosoma CD ikiwa dhaifu deki inabahatisha, panapokosekana inajazia yenyewe, na ndiyo maana wimbo unakosa makali. Alikuwa na deki tatu pale. Aliniwekea ya kwanza, akaniwekea ya pili, kila mara wimbo ule ule wa tatu. Kila moja ilikuwa afadhali kuliko ya kwetu, lakini upepo wa kwenye bati ulikuwa bado upepo.

Ya tatu ilikuwa chini ya meza. Ilikuwa nyeusi, pana, nzito kama jiwe la kusagia, haina rimoti wala taa zaidi ya moja ndogo ya kijani. Ilikuwa ya kusomea CD tu, haionyeshi picha, na ilikuwa na ampli yake na spika mbili za mbao. Fundi alisema ilitoka nje, mtumba, na kwamba amekaa nayo muda mrefu kwa sababu vijana wanaicheka. Akazipanga spika mbali mbali, akanivutia kigoda katikati, akanikalisha. Kisha akaweka kiganja juu ya spika moja, akageuza sikio lake zima, tukasubiri.

Dada akaanza kuimba, na niliona aibu kama mtu aliyefungua mlango wa chumba cha watu bila kubisha. Nilisikia midomo yake ikiachana kabla ya neno la kwanza. Nilisikia pumzi aliyovuta. Nilisikia pale mwishoni mwa mstari anapoipunguza sauti taratibu mpaka inakuwa nyembamba kama uzi, na uzi haukatiki. Nimesimama nyuma ya mwanamke yule miaka ishirini, na sikuwahi kumsikia hivyo. Alikuwa mzuri kuliko nilivyokuwa nikiogopa.

Kisha kiitikio. Upepo ulipasuka ukawa watu. Sauti ya tatu ile, sauti ya nne ile, akina baba wanaunguruma kule. Na upande wa kulia, mbali kidogo, mwanamke mwenye sauti ya mkwaruzo, kama aliyeshinda akifukuza ndege shambani, anaingia kwenye neno la kwanza kabla ya wenzake. Mara moja, mara mbili, kila kiitikio kilipoanza. Nilijijua papo hapo, kama unavyoujua mkono wako gizani.

Fundi alikuwa ametoa kiganja kwenye spika. "Huyu mama anayeongoza," akasema, "hata mimi wa sikio moja nywele zimenisimama." Akasikiliza tena. "Ila kuna mmoja huku nyuma anawahi."

"Eti eh?" nikasema.

"Anawahi. Kiitikio kikianza tu. Sikiliza." Akarudisha wimbo nyuma, akaninyooshea kidole chenye kibandiko wakati hasa nilipoingia. "Huyo hapo!"

Nikamwambia nimemsikia.

Nilikaa kwenye kigoda kile nikiwa nimepata nilichokifuata, nacho kikanichoma. Nilikuwa nimefikiri chombo kizuri kitanitoa mimi kwenye kivuli chake. Sikufikiri kwamba kitamtoa na yeye, na kwamba yeye alikuwa na mengi zaidi ya kutolewa. Nikamwona akilini mume wangu, Jumapili, macho yamefumba, anaisikia ile pumzi, midomo ile. Nikamwona amebaki kitini kwenye kiitikio kama nilivyoomba, anauliza, "Nani huyu anawahi?"

Fundi alikuwa anangoja. Nikamwambia, "Ni nzito mno. Na haina rimoti. Mzee wangu anapenda rimoti."

Mume wangu hajawahi kupenda rimoti maishani mwake. Ya deki ya zamani ilikuwa imepotea tangu watoto wakiwa shule ya msingi.

Nilimkuta nje ya ofisi, amechoka na foleni, nikamwambia nimezunguka kote na ile ya duka kubwa ndiyo nzuri. "Si tulisema inapiga kelele?" akauliza. Nikamwambia masikio yangu yameizoea. Akasema, "Haya, wewe ndiye uliyesikia." Tukarudi kwa yule kijana mchangamfu, tukabeba sabufa yenye taa.

Jumapili ya kwanza mume wangu alivuta kiti chake. Wimbo wa tatu ulipofika akafumba macho, halafu akayafumbua. Akainama kuchezea vitufe, akapunguza besi, akapandisha. "Mbona mama wa watu amekuwa kama ana mafua?" akauliza. Nikasema labda CD imechakaa. Jumapili ya pili alijaribu CD zake nyingine, za zamani. Ya tatu alisikiliza nusu saa. Baada ya hapo akaanza kwenda kukaa kwa wenzake, kwenye benchi la dukani, wanacheza bao hadi jioni. Sebule ikawa kimya kila Jumapili, taa za sabufa zinabadilika rangi bure, nami nikawa mshindi wa nyumba isiyo na mtu.

Ndipo dada alipokuja kuaga. Kijana wake alikuwa amehamishiwa Ikungi kikazi, amejenga, anataka mama yake akakae naye. Alikuja mchana, amejifunga kitenge kipya, ameniletea karanga. Tulipokwisha kunywa chai akasema kwa haya, "Mdogo wangu, nina ombi. Ile CD yetu mimi sinayo, waliazima hawakurudisha. Na nyumbani kwangu hakujawahi kuwa na deki. Tangu turekodi nimejisikia mara moja tu, kwenye simu ya mtu. Nisikilizishe kidogo kabla sijaondoka."

Nikamwekea. Alikaa mikono mapajani kama mtu aliye mbele ya hakimu. Kinanda kikatwanga, naye akatokea nyuma ya ukuta wake, ana mafua yake. Alisikiliza wimbo wa tatu wote. Kisha akaniuliza taratibu, kwa Kinyiramba, "Ndivyo ninavyosikika?"

Ningeweza kusema ni chombo. Neno moja tu. Nilimtazama usoni, nikasema, "Ndivyo."

"Kumbe," akasema. Akatabasamu kidogo, bila furaha. "Na watu miaka yote wananisifu. Watu wana huruma jamani."

Nilimsindikiza hadi njiani. Kwa hatua kama ishirini za kurudi nilijisikia mwepesi, siwezi kuficha. Nilipofika mlangoni na kuviona vikombe viwili na maganda ya karanga alizonimenyea yeye mwenyewe kwa mkono wake, wepesi ule uliondoka wote. Nilikaa kwenye kiti cha mume wangu. Alipotoka kwenye bao alinikuta hapo hapo, jiko halijawashwa.

"Unaumwa?"

"Hapana. Nimekudanganya."

Nikamweleza yote. Deki nzito ya fundi, kigoda, ile pumzi, yule mama anayewahi. Nikamweleza na nililomjibu dada mchana ule. Alisimama muda wote ninaongea, kofia yake mkononi. Nilipomaliza alivuta kiti kingine akakaa mbele yangu.

"Mimi nilidhani umenichoka," akasema. "Nilipoona umechagua kitu kama kile, nikasema, basi, hataki nikae ndani. Ndiyo nikawa natoka."

Sikuwa nimeliwaza hilo.

Akaendelea, "Yule mama napenda anavyoimba. Hilo siwezi kukuficha, hata ukinuna. Lakini sikukuoa kwa ajili ya sauti."

"Najua hukunioa kwa ajili ya sauti," nikamwambia. "Ndicho kinachoniuma."

Akaanza kucheka, nami nikakasirika, halafu nikashindwa kukasirika.

Nilirudi Singida peke yangu, sabufa imefungwa kwenye boksi lake. Fundi alikuwa amekaa pale pale, na deki nzito ilikuwa pale pale chini ya meza. Nikazungukia upande wa sikio zima. Alinikumbuka. "Yule wa rimoti," akasema. Alikubali tubadilishane, kwa sababu sabufa ya taa haikai siku mbili dukani kwake bila kupata mtu. Aliponifungia spika kwa kamba ya katani akaniambia nisizibandike ukutani, niziachie nafasi ya kupumua, na nisiweke kitambaa juu ya deki hata kama nyumba nzima ina vitambaa. Nikamwuliza, "Na yule anayewahi kwenye CD yangu, hakuna namna ya kumpunguza?"

"Mama," akasema, "hiyo ni deki, siyo mwalimu wa kwaya."

Jumapili iliyofuata mume wangu hakwenda kwenye bao. Wimbo wa tatu ulipoanza alifumba macho, na nilimwona mkono wake umetulia kabisa juu ya goti. Nilitamani kutoka nje. Nilibaki. Beti ikaisha, kiitikio kikaingia, na mimi nikaingia kabla yake. Mume wangu akafumbua macho.

"Ni wewe huyo."

"Umejuaje?"

"Kuna nani mwingine anawahi? Hata mtu akija mlangoni unasema karibu kabla hajapiga hodi." Akainuka, lakini hakwenda kwenye maji. Aliurudisha wimbo mwanzo wa kiitikio, akanisikiliza mara ya pili, kwa makini, kichwa kimeinama. "Sauti ina kutu kidogo," akasema. "Lakini imo."

Nilimwambia asante. Nilitaka aseme zaidi ya hapo. Hakusema, na baada ya hapo alirudisha wimbo mwanzo kabisa kumsikiliza dada. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na hivyo ndivyo ilivyo mpaka sasa. Kwenye kiitikio hanyanyuki tena, lakini macho huyafumba kwenye beti.

Dada alirudi wakati wa mavuno, kuvuna alizeti yake aliyomwachia ndugu. Nilimfuata shambani, sikungoja aje. Nikamwambia aje kwangu nimsikilizishe tena. Akakataa. "Aah, mdogo wangu, nilishajisikia, inatosha." Ikabidi nimwambie pale pale, katikati ya vichwa vya alizeti vilivyokauka, kwamba siku ile nilimwongopea, kwamba kilikuwa ni chombo kibovu na mimi nilijua ni kibovu.

Aliniuliza, "Sasa kwa nini hukusema?"

"Wivu," nikamwambia.

Sijui kama alikuwa hajajua miaka yote ile, au alijua akaamua kutojua. Akasema tu, "Haya, twende."

Tulikaa watatu, mume wangu kwenye kiti chake, sisi wawili kwenye kochi. Nilimtazama dada wakati anajisikia. Aliweka kiganja kooni, kama anayeangalia kama sauti bado iko. Ilipofika ile sehemu ya uzi usiokatika, ambayo mimi ndiyo iliyonichoma kwa fundi, alikunja uso akatikisa kichwa.

"Hapo nimeshuka," akasema.

"Wapi?" tukauliza kwa pamoja, mimi na mume wangu.

"Hapo mwisho. Sauti imeshuka kidogo. Hamsikii?"

Tukarudisha. Hatukusikia. Tukarudisha tena, akatuonyesha kwa mkono, na bado sikusikia chochote ila uzuri. Nikatambua kwamba hata hili ananizidi: masikio. Nilikuwa nimekwisha kusema ukweli shambani, nikadhani wivu umebaki kule na mabua, kumbe ulikuwa umekuja nami nyumbani umekaa kwenye kochi katikati yetu.

Alipokuwa anaondoka aliomba kitu kimoja. Kijana wake kule Ikungi ana deki nzuri, naye dada alitaka kuichukua CD akae nayo. Mume wangu akanitazama mimi.

"Hapana," nikasema. "Hiyo iko moja tu. Nitakutolea nakala."

"Sawa, mdogo wangu. Nitangoja."

Nimeshakwenda kwa fundi kuulizia. Amesema kazi yenyewe ni ya dakika chache, hata senti hataki, nimletee tu CD tupu. Zinauzwa duka la tatu kutoka kwake. Nimepita mbele ya duka hilo mara mbili, na sijaingia bado.